Nyoka Chini ya Bati

Watu wengi wa Mubi wamemjua chatu kwa nyama yake kabla ya kumjua akiwa hai. Mwindaji huleta vipande vilivyokaushwa kwa moshi, vinapangwa mezani sokoni pamoja na nyama nyingine ya pori, na mama mwenye kapu anauliza bei kama anavyouliza bei ya sombe, majani ya muhogo. Wapo wasiomla, kwa sababu ya mwiko wa ukoo au wa kanisa, lakini hakuna anayeshangaa kumwona pale. Anayeshangaza ni chatu mdogo aliye hai, urefu wa mkono wa mtu mzima, aliyekutwa chini ya gogo wakati wa kufyeka shamba. Kijana aliyemkuta hakumpiga panga. Alimtia ndani ya bidoni lililotobolewa matundu, akamleta nyumbani, akamtazama jioni nzima. Anamwona mzuri, na kweli ni mzuri. Anataka kumfuga.

Kijana huyu nimemtunga mimi ili tuwe na mtu wa kuzungumza naye. Mahali pake sikupatunga. Mubi iko Kivu Kaskazini, nchini Kongo, upande wa magharibi wa Walikale-centre, kwenye barabara ya kwenda Kisangani, jirani na Njingala, ambako kwa miaka mingi wapagazi walitokeza kutoka porini na mizigo ya kasiteriti (madini ya bati) ya Bisie mgongoni. Machimbo yale yalianza mwaka 2002, na ndege ndogo zikawa zinatua juu ya barabara yenyewe, huko Kilambo, kuchukua mawe. Mali hiyo ndiyo iliyojenga Mubi ya leo: maduka, baa, makanisa, vibanda vya wanunuzi, wenye pikipiki wanaoitwa motari, na nyumba za mbao zilizoezekwa bati, zimebanana kiasi kwamba ukikohoa usiku jirani anakuitikia pole. Anayetaka kufuga nyoka katika mji wa namna hii hafugi peke yake. Hilo ndilo nitakalolisema kwa njia mbalimbali katika sura hii.

Lakini kwanza tujue ni nyoka gani aliye ndani ya bidoni. Msitu wa Walikale una nyoka wengi, na walio wengi hawamdhuru binadamu. Wanaodhuru, hata hivyo, hawana mchezo. Moma wa msituni, Bitis gabonica kwa wataalamu, hulala juu ya majani makavu akiwa na rangi za majani hayohayo. Anaweza kupita kilo 8, na meno yake ya sumu hufikia sentimita 5, marefu kuliko ya nyoka mwingine yeyote duniani. Nduguye, Bitis nasicornis, ana vipembe juu ya pua, na mgongo wa bluu, manjano na nyekundu ambao mchora vitenge angeuonea wivu. Juu ya miti yuko koboko wa kijani wa msituni, Dendroaspis jamesoni. Chini yuko swila mweusi wa msituni. Na kwenye vichaka yuko Thelotornis kirtlandii, mwembamba wa rangi ya gome, anayejinyoosha hewani akatulia hivyo muda mrefu mpaka ukadhani ni kitawi.

Moma ni mpole, na upole huo ndio unaoponza watu. Unaweza kupita karibu naye mara kadhaa asikufanye kitu, ukatoka hapo ukisema huyu amenizoea. Nyoka hazoei kwa maana ile mbwa anavyozoea. Akikaa kimya anasubiri panya, na wewe si panya. Aprili 1983 kijana wa miaka 16 mjini Washington alivunja kioo katika bustani ya wanyama ya taifa, akaiba moma wawili, akawatia kwenye mfuko wa plastiki na kupanda nao basi. Mfuko ulikuwa begani. Jino lilipita kwenye plastiki bila shida yoyote. Alipona, kwa sababu hospitali ilikuwa karibu na dawa ya sumu ilitafutwa ikapatikana. Ukiondoa mambo hayo mawili, kijana yule hana cha kutufundisha isipokuwa jinsi ya kutobeba nyoka.

Wa kwetu atasema yeye atajifunza kwanza, na kwamba anayemjua nyoka haumwi. Hapo nina wazee wawili wa kumjibu, na wote wawili waliwajua nyoka kuliko mwandishi na wasomaji wake wote wakijumlishwa.

Wa kwanza ni Karl Patterson Schmidt, Mmarekani. Kati ya 1909 na 1915 Herbert Lang na James Chapin walizunguka kaskazini-mashariki mwa Kongo ya Wabelgiji wakikusanya wanyama kwa ajili ya makumbusho ya New York. Kazi ya kueleza nyoka waliowaleta ikamwangukia Schmidt, naye akaichapisha mwaka 1923. Mtu anayeandika juu ya nyoka wa Kongo bado hawezi kumruka. Tarehe 25 Septemba 1957, akiwa na miaka 67, alikuwa kazini katika makumbusho ya Chicago pale alipoletewa nyoka mdogo kutoka bustani ya wanyama ya mji huo, aseme ni wa aina gani. Alikuwa nyoka wa miti wa Afrika, Dispholidus typus, yule anayekaa kwenye mapori ya wazi na savana. Schmidt alimshika mbali kidogo na kichwa. Nyoka akageuka, akamwuma kidole gumba, na jino moja tu ndilo lililoingia vizuri, tena milimita chache.

Wataalamu wa wakati ule waliona kwamba nyoka mchanga namna ile, ambaye meno yake ya sumu yako nyuma ya mdomo, hana uwezo wa kumwua mtu mzima. Schmidt aliwaamini wenzake, maana naye alikuwa mmoja wao. Akapanda treni kwenda nyumbani na kuanza kuandika yanayompata: kichefuchefu, baridi na kutetemeka, damu kwenye fizi, joto la mwili. Asubuhi alikula kifungua kinywa, akajiona nafuu. Alasiri alikuwa amekufa. Sumu ya nyoka huyo huondoa uwezo wa damu kuganda, na mtu anavuja ndani kwa ndani huku akidhani anapona.

Wa pili ni Robert Mertens, Mjerumani, aliyewahi kuongoza makumbusho ya Senckenberg mjini Frankfurt. Yeye alikuwa na Thelotornis wake mwenyewe, nyoka wa kufugwa, jamaa wa yule wa vichaka vya Walikale. Mwaka 1975, akiwa na miaka 80, alikuwa anamlisha kama kawaida. Akaumwa. Ilimchukua siku 18 kufa, naye pia aliandika. Dawa ya sumu ya Thelotornis haikuwapo, na hata leo haipo.

Waandishi wengine wakifika hapa huwasifu wazee hawa kwa moyo wa kisayansi. Mimi naona mazoea tu. Mtu amemshika nyoka mara elfu na mikono imekwisha kusahau. Kama mazoea yaliwaua mabwana wale wenye maktaba na hospitali mlangoni, tuangalie yangefanya nini Mubi.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kati ya watu 81,000 na 138,000 hufa kila mwaka kwa kuumwa na nyoka, na wengi zaidi hubaki na viungo vilivyokatwa au kukauka. Mwaka 2017 shirika hilo liliiweka sumu ya nyoka katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahauliwa, na mwaka 2019 likajiwekea lengo la kupunguza vifo na ulemavu huo kwa nusu ifikapo 2030. Lengo ni zuri. Wakati linaandikwa, dawa iliyofaa zaidi msitu wetu ilikuwa imekwisha kutoweka. Iliitwa FAV-Afrique, ikitengenezwa Ufaransa na Sanofi Pasteur, na ilipambana na sumu ya nyoka 10 wa Afrika, wakiwemo moma wa msituni, koboko wa Jameson na swila wa msituni, orodha ambayo ungedhani imeandikiwa Walikale. Kampuni iliacha kuitengeneza mwaka 2014 kwa sababu haikuwa na faida. Chupa za mwisho zilipitwa na muda Juni 2016.

Dawa nyingine zipo, na baadhi ni nzuri. Lakini zile za majimaji hutaka friji ya nyuzi 2 mpaka 8, na friji hutaka umeme usiokatika. Zinatokana na damu ya farasi, kwa hiyo mgonjwa anaweza kupatwa na mzio mkali akiwa bado kitandani, na muganga lazima awe na adrenalini mkononi na ajue kuitumia. Chupa moja mara nyingi haitoshi. Ongeza njia: kutoka Mubi mgonjwa hupakiwa kwenye pikipiki, katikati ya motari na ndugu anayemshikilia, kuelekea hospitali kuu ya Walikale, kwenye tope la mvua na bariyeri za watu wenye bunduki. Januari 2025 Goma ilipotekwa na waasi wa M23 uwanja wake wa ndege ulifungwa, na kila sanduku la dawa likalazimika kutafuta njia ndefu zaidi.

Kwa hiyo watu hukimbilia kilichopo, na kilichopo ni jiwe jeusi. Kivu nzima inalijua: kipande cha mfupa kilichochomwa mpaka kikawa cheusi, kinachobandikwa juu ya jeraha ili kinyonye sumu. Wamisionari ndio waliolieneza, na sifa yake haijafifia. Mwaka 2007 Jean-Philippe Chippaux na wenzake walichapisha jaribio walilolifanya kwa panya waliodungwa sumu ya nyoka. Jiwe halikuwasaidia chochote. Sifa inatoka wapi basi? Inatoka kwa nyoka. Wengi wanaowauma watu hawana sumu ya kuua, na hata wenye sumu mara nyingine huuma bila kuimwaga. Mgonjwa huyo angepona hata angebandikiwa ganda la ndizi, lakini kilichokuwa kimebandikwa ni jiwe.

Basi juu ya moma, swila, koboko na yule mwembamba wa vichakani sina maneno mengi. Usifuge. Si kwa sababu wewe ni mwoga au mjinga, bali kwa sababu atakayelipia kosa lako ni mtoto anayecheza upande wa pili wa ubao, na muganga ambaye kabati lake la dawa halina kitu cha kumpa mtoto huyo.

Chatu ni kesi nyingine, na hapa namtendea haki kijana wangu. Chatu hana sumu. Akiwa mdogo anauma, damu inatoka, basi. Ni mnyama wa kupendeza kumtazama: hana kope, hana haraka, na mwanga ukimpiga ngozi inatoa rangi ambazo gizani hukuziona. Hapigi kelele, hanuki sana, hahitaji kulishwa kila siku. Chatu mkubwa akimeza mnyama wa maana anaweza kukaa majuma kadhaa bila kudai kitu. Ukimlinganisha na mbwa anayebweka usiku kucha, chatu ni mpangaji mzuri.

Shida ni kwamba hakai mdogo. Huyu aliye ndani ya bidoni ni Python sebae, chatu mkubwa kuliko wote wa Afrika. Akila vizuri, baada ya miaka michache anapita mita 3, na wako wanaopita 5. Mwanzo atatosheka na panya, na Mubi haijapungukiwa panya. Baadaye atataka dende, wale cobaye wa kufugwa, tena dende wengi, kisha kuku, kisha kitu cha ukubwa wa mbuzi. Katika Kivu dende ni akiba ya mtoto. Anafugwa jikoni juu ya kitanda cha majani, analiwa nyumba ikikosa nyama, anauzwa daftari likihitajika. Sijui namna ya kumweleza mwenye nyumba, ambaye sahani yake ina ugali na sombe bila samaki, kwamba dende watatu wa juma hili ni wa nyoka. Labda wewe unaijua.

Halafu joto. Nyoka hajitengenezei joto lake. Analitafuta kwa kuhama kutoka juani kwenda kivulini na kurudi. Msituni ana kivuli cha miti, shimo, kijito. Chini ya bati la saa saba mchana, ndani ya sanduku, hana pa kuhamia. Atahema mdomo wazi, atakataa chakula, na mwenye nyumba atasema nyoka ameringa. Wengi wa nyoka wanaofugwa vibaya hufa hivyo, kimyakimya, kwa joto au baridi au kiu, na mfugaji asijue kosa lilikuwa wapi.

Na sanduku lenyewe? Chatu mzima ni msuli mtupu, anasukuma kifuniko usiku kucha bila kuchoka, akitafuta kona moja iliyolegea. Agosti 2013, huko Campbellton, nchini Kanada, chatu wa aina hii hii, Python sebae, alitoka kwenye kizimba chake katika nyumba iliyokuwa juu ya duka la wanyama, akapita kwenye bomba la hewa, bomba likashindwa uzito wake, akadondoka kwenye chumba walimolala wavulana wawili, ndugu. Asubuhi walikutwa wamekufa. Vifo vya namna hiyo ni nadra mno, na sipendi kumtisha mtu kwa kisa kimoja. Nakitaja kwa sababu nyumba ile ilikuwa na kuta imara, milango ya kufungwa na mwenyewe aliyewajua nyoka. Nyumba ya Mubi ina nafasi kati ya ubao na ubao ambapo unaweza kupitisha mkono.

Sasa fikiria muda. Nyoka wa jamii ya chatu huishi miaka mingi. Katika bustani ya wanyama ya Saint Louis, Marekani, chatu mdogo wa Afrika Magharibi aliyekadiriwa kupita miaka 60 alitaga mayai mwaka 2020. Hata ukichukua nusu yake, anayemwingiza chatu nyumbani leo anaahidi miaka 30. Ni nani Walikale anayeweza kuahidi miaka 30 ya kukaa nyumba ile ile? Machi 2025 M23 waliingia Walikale-centre. Watu walibeba magodoro na watoto, wakaingia porini au wakashika barabara, na hata kampuni ya Alphamin, yenye mgodi mkubwa wa viwandani pale Bisie, ilisimamisha kazi na kuwaondoa wafanyakazi. Baada ya majuma machache waasi walitoka, watu wakaanza kurudi. Wakati wa kukimbia mbuzi anafungwa kamba, kuku anatiwa kapuni, mbwa anafuata mwenyewe. Chatu wa mita 4 utamfanyaje? Ukimfungia atakufa kwa njaa na kiu. Ukimwachilia katikati ya mji, wa kwanza kurudi ndiye atakayemkuta, na huenda ni bibi wa jirani anayefungua jiko lake gizani.

Nimeliacha la jirani mpaka hapa kwa makusudi, kwa maana ndilo zito kuliko meno na sumu. Katika Kongo nzima zinazunguka habari za tajiri anayemfungia nyoka chumbani: nyoka anatapika pesa, na kwa malipo anataka mtu wa ukoo. Miaka ya 1970, Lubumbashi na miji mingine ya Shaba, picha ya Mamba Muntu, mwanamke mwenye mkia wa samaki na nyoka mwilini, ilitundikwa kwenye sebule nyingi, na mtafiti Johannes Fabian ameandika juu yake. Kila aliyeitazama aliyajua masharti: mwanamke yule hutoa utajiri, na baadaye hudai. Mji wa madini ni mahali ambapo maelezo ya namna hii hayawezi kukosa kazi. Mtu analala na deni, anaamka na magunia ya kasiteriti. Mwingine aliyechimba shimo la pembeni anatoka mikono mitupu. Kwa nini yeye? Watu watasema ni mshipa wa mawe, ni bahati, ni polisi wa migodi aliyelipwa. Na kama kwenye chumba chake cha nyuma kuna sanduku lenye chatu, basi swali limekwisha kujibiwa.

Na jibu hilo halikai kimya. Mtoto wa jirani akifa kwa malaria, tena malaria tu, macho yatageuka kuelekea sanduku lile. Kivu Kaskazini watu wamewahi kupigwa na kuchomwa kwa tuhuma za uchawi zenye ushahidi mdogo kuliko nyoka aliye hai. Kijana anaweza kuniambia yeye haamini mambo hayo. Sijamwuliza anaamini nini. Nimemwuliza wenye mawe mikononi wataamini nini.

Kabla hajanijibu kwamba haya ni ya watu wasiosoma, nimrudishe kwa wazee wa hapo hapo. Wanyanga, ambao Walikale ni nchi yao, wana simulizi kuu la Mwindo. Mwaka 1956 Daniel Biebuyck alilisikia likiimbwa na kuigizwa na Candi Rureke, akaliandika, na mwaka 1969 yeye na Kahombo Mateene wakalitoa katika kitabu. Humo yumo Mukiti, nyoka wa majini, bwana wa kilindi, anayekuja kwa chifu Shemwindo kuposa dada yake, Iyangura, na kumwoa. Mwindo mwenyewe, baada ya kumwua joka Kirimu, anachukuliwa juu na Nkuba, bwana wa radi, rafiki wa Kirimu, anateswa huko, na kurudishwa kijijini na agizo kwamba asiue tena wanyama, hata wadudu wadogo. Hakuna anayemfuga Mukiti. Mukiti ni mkwe: anapewa heshima yake, ana makao yake, na makao yake hayako chumbani kwako. Wawindaji wa Walikale wameendelea kuua na kula, agizo au bila agizo, lakini wazo la kumtia nyoka sandukuni ili apendeze macho si la simulizi hilo.

Kuna jamii zilizokaa na nyoka kwa karibu zaidi. Wayeye wa Usukuma, Tanzania, ni chama cha wajuzi wa nyoka: huwakamata, hucheza nao ngomani, na elimu ya dawa zao hupita kutoka mwalimu hadi mwanafunzi kwa miaka. Huko Nyakach, upande wa Kisumu, Waluo walimheshimu chatu waliyemwita Omieri, wakaona kuja kwake ni habari ya mvua na mavuno. Mwaka 1987 alijeruhiwa kwa moto wa porini akafa, na nchi nzima ya Kenya ikazungumza habari zake. Mwaka 2003 alipotokea mwingine, akajizungusha juu ya mayai yake, watu walimiminika kumtazama na wenyeji wakamlinda. Alikaa kwenye kichaka chake, wao wakakaa kwao. Kwangu huo ni ufugaji bora kuliko wa sanduku, ingawa hauna jina.

Biashara tuimalize haraka. Huenda akatokea mtu wa mjini akasema ananunua moma hai, au vile vinyoka vya kijani vya vichakani, kwa ajili ya Wazungu wanaowaweka kwenye vioo. Soko hilo lipo kweli: tangu 1975 Afrika Magharibi imetoa zaidi ya chatu wadogo milioni 3 wakiwa hai kwa wafugaji wa Ulaya, Marekani na Asia, na faida kubwa haikubaki kwa aliyemchimbua shimoni. Kongo imo katika mkataba wa CITES tangu 1976, chatu wote wanahesabiwa humo, na sheria ya uhifadhi ya Februari 2014 haimruhusu mtu kuchukua na kusafirisha wanyama wa pori apendavyo. Mnunuzi wa namna hiyo akikamatwa Goma, jina atakalolitaja ni lako.

Wako wanaopaswa kufuga nyoka, na tunawahitaji. Dawa ya sumu hutengenezwa kwa sumu, na sumu hukamuliwa kwa nyoka aliyefugwa, aliyeshiba, asiye mgonjwa. C. J. P. Ionides, mlinzi wa wanyamapori wa Liwale ambaye baadaye alihamia Newala, kusini mwa Tanganyika, alikamata maelfu ya nyoka kwa ajili ya maabara na bustani za wanyama, akaumwa mara nyingi na kulipia kwa vidole vyake, mpaka alipofariki mwaka 1968. Watamu, kwenye pwani ya Kenya, James na Sanda Ashe walianzisha shamba la nyoka la Bio-Ken mwaka 1980, na hadi leo aliyeumwa asiye na pesa hupata dawa kupitia kwao. Meserani, nje kidogo ya Arusha, bustani ya nyoka ina zahanati yake. Nairobi, katika taasisi ya utafiti wa nyani ya Karen, wanatafuta namna ya kupata dawa inayofaa nyoka wa kanda yetu. Mahali pa namna hii panatakiwa kuwa na vyumba viwili vya kufuli, ndoano ndefu, daftari la kila nyoka, mtu wa pili anayesimama karibu wakati wa kulisha, na dawa ndani ya friji kabla nyoka hajaingia mlangoni. Kijana wangu ana bidoni.

Kwa hiyo jibu langu ni hapana, na chatu arudi. Arudishwe pale pale alipotolewa, au msituni karibu na hapo, mbali na mashamba na mabwawa ya samaki, asubuhi kabla ya jua kali. Asipelekwe mto mwingine wala kilima kingine, maana hapajui.

Lakini macho yaliyomtazama nyoka jioni nzima bila kutaka kumwua si ya kutupa. Huko Lwiro, Kivu Kusini, kituo cha utafiti kimekusanya nyoka wa nchi hii kwa miongo mingi, na mtafiti Chifundera Kusamba aliandika juu ya nyoka wa Zaire na maumo yao mwaka 1990. Hata bila kufika Lwiro, Mubi inahitaji mtu mmoja anayeweza kuitwa usiku nyoka anapoingia nyumbani, mwenye fimbo ndefu, ndoo yenye kifuniko na tochi, anayejua kutenganisha chatu na moma kwa umbo la kichwa. Mtu akiumwa, yeye ndiye wa kusimama hatua kadhaa kutoka kwa nyoka, bila kumfukuza wala kumshika, akampiga picha mbili kwa simu, kichwa na mgongo. Picha hizo zipande pikipiki pamoja na mgonjwa. Muganga wa Walikale akiziona atajua kama anapambana na damu isiyoganda au pumzi inayokatika, na kama chupa alizo nazo, akiwa nazo, ni za nyoka huyo.